Shuka ya Mwinyi Sagara

Reli kongwe ya kati, ikishaiacha Kilosa na kuelekea Dodoma, huaga uwanda na kuingia bondeni. Mto Mkondoa huwa ubavuni mwake, milima ya Usagara ikiibana huku na huku, na miongoni mwa stesheni za bonde hilo imo moja ndogo iitwayo Munisagara. Msafiri asiyekuwa na habari hulisoma jina hilo kwenye ubao na kulisahau kabla ya stesheni ya pili. Msikilizaji wa visiwani, aliyezowea kumtaja Mwinyi Mkuu wa Dunga, hana haja ya kuelezwa. Mwini, Muini, Mwinyi: ndilo neno lile lile la mwenye nchi, bwana wa mahali. Wazungu waliopita humo katika karne ya kumi na tisa waliliandika kila mmoja kwa sikio lake, wengine Muinyi Usagara, wengine Muinin Sagara. Munisagara, basi, ni Mwenye Usagara. Kijiji kimeitwa kwa jina la mwenyewe.

Ni bonde la njia. Kabla ya reli kulikuwa na misafara, na misafara ilipanda humo kwa sababu zile zile zilizowafanya wahandisi wa Kijerumani baadaye wapitishe humo vyuma vyao: maji yapo, na mlima una mwanya. Richard Burton na John Speke walipanda bonde la Mkondoa mwaka 1857. Henry Stanley alifuata mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na Verney Cameron mwaka 1873. Lakini hao ni wageni wachache walioandika vitabu. Maelfu waliopita bila ya kuandika walikuwa Wanyamwezi, Waswahili wa Mrima, Waarabu na watumwa, na juu ya mabega ya wapagazi wao kulikuwa na kitu kimoja kuliko vyote: nguo. Iliyokwenda bara ilikuwa nguo, ushanga na waya wa shaba nyekundu na ya manjano. Iliyorudi pwani ilikuwa pembe. Na kipimo cha nguo kiliitwa shuka.

Hapa panahitaji kusimamwa kidogo, kwa kuwa neno hili tunalala juu yake kila usiku na hatuliulizi lilikotoka. Wako wanaolifungamanisha na kitenzi kushuka, wakisema kuwa ni nguo iliyoshuka kutoka kiunoni hadi magotini. Ni maelezo matamu, lakini Kiarabu kina shuqqa, kipande cha nguo kilichokatwa, na ukaribu wa sauti na maana ni mkubwa mno kuachiwa bahati. Shuka ya njia ya misafara ilikuwa mikono minne, yaani yadi mbili. Shuka mbili zisizokatwa zilifanya doti moja, mikono minane, na doti ni neno la Bara Hindi lililozaliwa na ile nguo ndefu ya kiunoni wanayoivaa wanaume wa huko. Juu ya doti kulikuwa na gora, na gora ya merikani ilihesabiwa kuwa doti saba na nusu, yadi 30. Pwani tuliendelea kusema shuka hii na shuka hizi. Bara wakasema shuka hili na mashuka haya, nao ndio waliolitia katika ngeli ya vitu vya kuhesabiwa sokoni. Wala si kosa. Kitu kilichokuwa fedha ya nchi kwa miongo kadhaa kina haki ya kupewa wingi wake.

Merikani yenyewe ina kisa kinachostahiki makala yake. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alikuja kukaa Unguja. Alikuwa mtu wa Salem, mji mdogo wa bandari katika Massachusetts, na meli za Salem ndizo zilizoleta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu, cha rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda. Zilichukua pembe, sandarusi, ngozi na karafuu. Kule kwao kitambaa hicho kilikuwa na jina la kazi yake: kilikuwa ni kile kinachofumwa kwa ajili ya shuka za kitandani. Stanley, alipoorodhesha mizigo yake, alikiita kwa jina hilo hilo. Na kiwanda kimojawapo cha Salem, Naumkeag, kilichofungua milango yake katika miaka ya 1840, kilikuja baadaye kujulikana Marekani nzima kwa shuka za kitandani zenye chapa ya Pequot, mpaka kilipofungwa katika miaka ya 1950. Wazee wetu walivaa viunoni, walilipia ushuru na walinunulia pembe kitambaa ambacho waliokifuma walikusudia kulalia.

Lakini pamba yake ilitoka wapi? Massachusetts haioti pamba. Ililimwa na kuvunwa na watumwa wa majimbo ya kusini mwa Marekani, ikapelekwa kaskazini kufumwa, ikapakiwa melini kuja Unguja, na huku sehemu yake ikavishwa watumwa wa mashamba ya mikarafuu na sehemu nyingine ikaenda bara kununulia pembe na watu. Mtumwa wa Georgia na mtumwa wa Unguja hawakuonana, ila nguo moja ilipita mikononi mwa huyu ikatua mgongoni mwa yule. Ndiyo maana merikani ilikuja kuchukiwa hapa visiwani. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa wakivaa merikani, au kaniki iliyotiwa nili, waliiacha na kushika kanga. Merikani haikutoweka, ilihama mwilini ikaingia ndani. Ikawa shuka ya kitanda cha kamba, ikawa mfuko wa godoro la sufi, ikawa foronya. Na foronya nalo ni neno la wageni wa kabla ya hao, Wareno, wanaosema fronha mpaka leo. Kitanda cha Mswahili ukikifunua tandiko baada ya tandiko utayakuta mataifa yote yaliyofunga nanga bandarini.

Turudi bondeni. Anayedhani kuwa watu wa bara walipokea nguo yoyote waliyopewa, mradi inang'aa, ameyaamini mno maneno ya wasafiri pale walipokuwa wamekasirika. Wasafiri hao hao, walipotulia na kuandika hesabu, walikiri kinyume chake. Sohari ilipendwa Ugogo. Kaniki ilikubaliwa hapa ikakataliwa pale. Barsati, ismaili, rehani, kila moja ilikuwa na nchi yake na daraja ya mtu wa kuivaa. Msafara uliopakia nguo isiyopendwa ulikufa njaa katikati ya shibe. Stanley alipofika Unguja hakujua hata pa kuanzia. Ilimbidi aketi na wafanyabiashara wa Kiarabu wamfundishe. Hesabu waliyompa inajulikana: watu 100 wanahitaji doti 10 kwa siku kwa ajili ya chakula, hivyo mwaka mzima ni doti 3,650. Kati ya hizo, 2,000 ziwe merikani, 1,000 kaniki, na 650 ziwe nguo za rangi za namna mbalimbali. Doti 3,650 ni yadi 14,600. Kitambaa hicho kikitandazwa kwa urefu wake ni zaidi ya kilomita 13. Na hesabu hiyo ina maana kwamba shuka moja iliwalisha watu watano kwa siku moja. Neno posho lilikuwa na uzito huo: lilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole.

Mkono wa nani? Hapo ndipo ulipokuwa mgogoro wa kila kambi. Kiwiko cha mpimaji wa pwani si kiwiko cha jitu la mlimani, na tofauti ya nchi mbili au tatu katika kila shuka ni tofauti ya maboga na mtama katika kila mlo. Mnunuzi naye hakutazama urefu tu. Alikifikicha kitambaa. Viwanda vya Manchester, vilivyoingia kwa nguvu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 kuikata njia ya pamba, vilikuwa na desturi ya kuvipaka vitambaa vyao wanga na udongo mweupe ili vionekane vizito. Kitambaa cha namna hiyo kikifuliwa mara moja unga wake huenda na maji, na kinachobaki mkononi ni wavu. Merikani halisi haikuwa na hila hiyo, na sifa yake ilienea mpaka maziwani bila ya tangazo lolote. Bombay walilielewa hilo mapema kuliko Waingereza. Viwanda vyao, vilivyoanza katika miaka ya 1850, viliiga uzito na mfumo wa merikani, na kufikia miaka ya 1880 vilikuwa vimeanza kulishika soko la Unguja, huku jina likibaki merikani. Kwa ufupi, mashine za bahari mbili zilijirekebisha ili kumridhisha mtu aliyesimama chini ya mti bondeni mwa Mkondoa akikifikicha kitambaa kwa vidole viwili. Historia za uchumi zilizoandikwa zamani hazikumpa mtu huyo hata sentensi moja.

Mnunuzi huyo mwenye macho makali ndiye tunayepaswa kumkumbuka tunapoufikia mwaka 1884.

Mnamo Novemba mwaka huo kijana wa Kijerumani, Carl Peters, alishuka Saadani akiwa na wenzake wachache na karatasi zake. Alipanda haraka kupita Uzigua na Nguru. Mwishoni mwa mwezi alikuwa Msowero kwa Mangungo, ambaye jina lake kila mwanafunzi wa Tanzania amelisoma shuleni. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Desemba, alifika kwa Mwinyi Sagara akiwa hoi kwa homa, na huko akapata alama nyingine. Kabla ya Desemba kuisha alikuwa amekwisharejea pwani. Msowero imepata umaarufu. Munisagara imesahauliwa, ingawa mkataba wake ulikuwa mkubwa zaidi kwa maneno, kwani karatasi ilimtaja Mwinyi Sagara kuwa ndiye bwana pekee wa Usagara yote. Pengine hakuwa hivyo. Mwinyi wa bonde moja hakuwa mwinyi wa kila kilima, na Peters hakutaka kulijua hilo. Alihitaji jina lenye Usagara ndani yake, na jina hilo lilikuwa limekaa njiani likimngojea.

Wafasiri wana sababu ya kuiogopa siku ile. Karatasi iliandikwa kwa Kijerumani. Ilisema juu ya urafiki wa milele, na ilisema juu ya kutolewa kwa nchi na haki zake zote kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani. La kwanza lina tafsiri: urafiki, hata udugu, na njia zake zilijulikana, kuanzia kuchanjiana hadi kupeana zawadi. La pili halikuwa na tafsiri. Katika lugha za bonde lile mtu aliweza kumpa mgeni mahali pa kujenga, pa kulima, pa kupita. Aliweza kupokea hongo yake, na hongo wakati huo lilikuwa neno safi, ushuru wa halali wa njia. Lakini kuitoa nchi kama mtu anavyotoa shuka, ikakunjwa na kwenda zake? Mkalimani alisema nini alipofika penye neno hilo? Hakuna aliyeandika. Kilichoandikwa ni alama za mikono. Zawadi zilitolewa, kama zilivyotolewa na kila mgeni wa njia ile kwa kila mwinyi wa njia ile, na mtu aliyeweza kuitambua nguo ya uongo kwa kuifikicha hakuwa na kidole cha kuifikichia karatasi.

Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi kwa nchi za Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Sayyid Barghash aliposikia alipinga kwa nguvu, na Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri yake Unguja. Mengine yanajulikana. Linalosahauliwa ni kwamba ule uzi ulioanza kufumuka mbele ya Forodhani ulivutwa kutoka kijiji cha bonde la Mkondoa.

Wajerumani walipokwisha kutawala walitaka pamba, na waliitaka Kilosa. Kulazimishwa kulima pamba ndiko kulikowasha moto wa Maji Maji upande wa Matumbi mwaka 1905, na moto huo ulifika hadi kwa Wasagara na Wavidunda. Haukuwazuia. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na bonde lake, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Heinrich Otto, mwenye viwanda vya nyuzi na nguo huko Württemberg, alikuwa na shamba kubwa la pamba Kilosa, lenye plau za kuvutwa kwa mvuke. Hivyo katika umri wa mtu mmoja bonde lilikuwa limeuona mzunguko kamili: kwanza nguo ilitoka ng'ambo kuja kununua pembe, kisha nchi ikachukuliwa, kisha watu wa nchi wakatiwa kazini wailime pamba ipelekwe ng'ambo ikafumwe nguo. Vita vilipokata bahari, nguo ikaadimika, na watu wakarudi kusokota na kufuma kwa mkono, ujuzi uliokuwa karibu kufa kwa sababu ya merikani.

Waingereza walishika mkonge zaidi kuliko pamba katika uwanda wa Kimamba na Rudewa, lakini pamba haikuachwa. Katika miaka ya 1940 kituo cha utafiti kilianzishwa Ilonga, kilomita chache tu kutoka Kilosa, na humo zikazalishwa mbegu za pamba zilizopewa alama ya IL, kwa herufi mbili za mwanzo za jina la mahali. Basi hapo jirani na Munisagara palikuwa na watu waliokuwa wakichagua, mche kwa mche, uzi mrefu na uzi mfupi. Kama kuna sehemu Tanzania yenye haki ya kusema inaijua shuka kuanzia mbegu, ni hiyo.

Baada ya Uhuru ilidhaniwa kuwa mzunguko utavunjwa. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, na Mwatex ya Mwanza ikaanza wakati huo huo. Morogoro nayo ikapata viwanda vyake vya nguo na turubai. Kwa muda, shuka ya Mtanzania ilikuwa ya pamba ya Tanzania. Ilikuwa nyeupe au yenye mistari, nzito kidogo, na ilidumu. Walioilalia hawaisemi vibaya. Kisha ikaja miaka ya dhiki, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambapo viwanda vilikosa vipuri na maduka yakakosa bidhaa. Mwaka 1983 ilipopigwa vita ya uhujumu uchumi, gora la kitambaa nyumbani lilikuwa jambo la kumkosesha mtu usingizi. Hapa visiwani hali haikuwa bora. Sanda zenyewe zilitafutwa kwa kujuana, na maiti wa kiume huhitaji nguo tatu, wa kike tano. Kwa wengi kuliko wanavyopenda kukiri, shuka ya arusi iliyotiwa sandukuni ikisubiri siku ya furaha ilitolewa kwa siku ya msiba.

Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba iliingia kwa robota, na ndani ya robota mlikuwa na shuka. Viwanda havikuweza kushindana, na vingi vikafungwa au vikabadilisha mwenyewe. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuwanyima nafuu ya kuuza nguo kwao, na mwisho ni Rwanda peke yake iliyosimama na msimamo ule. Pamba ya Tanzania, sehemu yake kubwa, huuzwa nje ikiwa bado haijasokotwa. Inarudi, kama inarudi, ikiwa shuka iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye picha ya kitanda cha kifalme.

Na hapo ndipo mnunuzi wa leo anapohitaji vidole vya babu yake. Mfuko unasema pamba; kidole kinasema polista. Polista tupu huteleza na kung'aa, haikunyati, bei yake ni ndogo, na usiku wa joto humrudishia mlalaji jasho lake mwenyewe. Kwa Unguja, Bagamoyo au uwanda wa Kilosa hiyo ni adhabu. Kwenye baridi ya milimani haina ubaya mkubwa. Mchanganyiko wa pamba na polista ni suluhu ya wenye kipato cha kati: hukauka upesi siku za masika, hautaki pasi, na ukiwa na pamba nusu au zaidi hulaliwa bila ya lawama. Pamba tupu hunywa jasho na huzidi kuwa laini kila inapofuliwa, ila hurudi kidogo maji yanapoipata mara ya kwanza, hivyo aipimaye kitanda chake sawasawa bila ya kuacha ziada atajuta. Kisha kuna idadi ya nyuzi katika kila inchi ya mraba, inayoandikwa kwa tarakimu kubwa ili imtishe mnunuzi. Nyuzi 200 hadi 400 za pamba nzuri zatosha kwa kila mwanadamu. Panapoandikwa 1,000 na zaidi, mara nyingi nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja zimehesabiwa moja moja. Ni ule wanga na udongo mweupe wa Manchester, umerudi kwa vazi jipya. Na mwenye fedha kidogo aliyesimama kati ya seti nne za polista na shuka mbili za pamba za rangi moja, achukue mbili. Moja iwe kitandani, nyingine kambani.

Mfumo nao una tabia yake. Ule wa uzi mmoja juu na mmoja chini, ambao ndio wa merikani, hupitisha hewa na huvumilia jiwe la kufulia. Satini, inayorusha nyuzi kadhaa juu kabla ya kuzama, ni laini na nzito, nayo hushikwa haraka na kucha na misumari ya kitanda. Katika karne ya kumi na tisa wasafiri waliandika kuwa satini lilikuwa jina la kitambaa hafifu cha Kiingereza, ndugu maskini wa merikani. Maneno nayo hupanda cheo.

Msomaji aliyezifuata hesabu za mikono huenda tayari amegundua jambo. Merikani ilikuwa na upana wa karibu yadi moja. Shuka yake ya mikono minne, kwa hiyo, ni futi 3 kwa 6, ambacho ndicho kitanda cha mtu mmoja kinachouzwa leo na kila fundi seremala kuanzia Mwanakwerekwe hadi Kilosa. Doti ikikatwa katikati na vipande vyake viwili vikashonwa ubavu kwa ubavu hutoa futi 6 kwa 6, kitanda cha mume na mke. Haielekei kuwa mtu yeyote alipanga hivyo. Kiwiko cha binadamu ni kile kile, na mwili unaolala ni ule ule uliokuwa ukifunikwa njiani.

Desemba 2009 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake. Maji yaliingia Kilosa na vijiji vya bonde, maelfu ya watu wakakosa makazi na kuhamishiwa makambini, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikabomolewa hata safari za treni zikakatika kwa miezi. Lugha yetu ina mzaha wake wa kikatili: mto ni maji yaendayo, na mto ni kile kilazwacho kichwa, na usiku ule wa kwanza ulikipokonya cha pili. Maji ya aina hiyo hayachukui nchi. Huchukua kila kilicho juu yake, kisha huacha tope. Waliorudi majumbani walianza na kuchimbua vyombo na kufua. Tope la Mkondoa ni jekundu, na haliachi pamba nyeupe kirahisi. Nguo nyingi za bondeni zilibaki na rangi hiyo kwa miaka.

Siku hizi treni ya umeme, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, huipita milima ya Kilosa ndani ya mahandaki, na abiria wake hana hata nafasi ya kusoma ubao wa jina. Munisagara imebaki na reli yake kongwe na mto wake. Wanaotaka shuka hushuka Kilosa mjini, ambako hutandazwa juu ya turubai, za mtumba upande mmoja na mpya za mifukoni upande mwingine. Mwanamke huinama, huingiza mkono chini ya rundo, hutoa moja na kuinyanyua dhidi ya jua kutazama kama mwanga unapita. Huifikicha kwa vidole viwili. Huupima upana kwa mkono wake mwenyewe, kiwiko hadi ncha ya kidole, mara moja, mara mbili, mara tatu, mara nne. Kisha huuliza bei, na akishatajiwa huirudisha chini ya rundo, polepole, ili muuzaji aone kuwa bado hajaondoka.